Mji Usio na Jumatano

Tuanze na kiti, kwa sababu kiti ndicho kilichomshinda. Katika mji ule hakuna mtu aliyepewa viti vingi kama Bi Mwanaidi Shekue, mwimbaji wa Doti. Alipewa viti vya kamba, viti vya mito, akapewa na kimoja cha mninga chenye jina lake mgongoni, na vyote vilimkataa. Akikaa, kabla wimbo mmoja haujaisha nyayo zinaanza kumwasha, roho inapanda juu, anashika goti la kushoto, anashika la kulia, mara huyo keshasimama, keshajitanda kanga, keshatoka. Watu walimwita Bi Kiguu na Njia, naye hakukasirika, maana hawakumsingizia. Alikuwa na miaka sitini na minne, na kwa miaka arobaini alikuwa ameutembea mji ule mtaa kwa mtaa, mitaa yote isipokuwa mmoja.

Ukiniuliza mji wenyewe uko wapi, sikwambii, wala si siri. Kila nilipotaka kuuonyesha kwa kidole nilikuta umeshasogea. Leo una bandari, kesho una stesheni tu na mikorosho. Nyumba uliyoiacha mkono wa kulia unarudi unaikuta kushoto, na wenyewe wanakushangaa wewe. Kitu kimoja tu hakikusogea humo, nacho ni santuri.

Santuri hiyo ndiyo Doti. Iliitwa hivyo kwa sababu ina pande mbili kama kanga inavyouzwa vipande viwili. Upande wa kwanza una nyimbo sita za mapenzi. Upande wa pili una nyimbo sita za jukwaani, zile zilizotungiwa michezo ya kuigiza: wimbo wa Sultani aliyeoa kivuli chake, wimbo wa mjane aliyecheka matangani, na nyingine za namna hiyo. Ilipotoka ilipendwa, na ikaendelea kupendwa hata pale ambapo vitu huacha kupendwa. Mwanzo watu waliipiga harusini. Baadaye wakaipiga wakiamka. Hatimaye Baraza la Sauti, ambalo ndilo lenye amri ya mji, likaona hapana haja ya saa ikiwa watu wana Doti, likatundika vipaza sauti kwenye kila nguzo. Tangu hapo asubuhi ni upande wa kwanza na alasiri ni upande wa pili; asubuhi watu wanapendana, alasiri wanaigiza. Mtu akikwambia mkutane wimbo wa tatu, unafika wimbo wa tatu. Kuna mzee mmoja alipelekwa mbele ya Baraza kwa kosa la kumpenda mkewe alasiri. Usicheke, alikaa ndani nyimbo mia tisa.

Sasa sikiliza habari ya wimbo wa tano, maana mambo yote yamefungwa hapo. Unaitwa Jamvi, na unapigwa jua likiwa utosini. Katikati yake sauti ya Mwanaidi, ile ya ujana, inasema:

Jamvi nimelitandika, na kahawa i jikoni,
Muda unanipunguka, uko wapi wa moyoni?

Ikishasema hivyo inanyamaza. Kwa mapigo manane hakuna anayeimba. Akodiani inavuta pumzi, ngoma ya dumbaki inahesabu, basi. Mji uliyaita mapigo hayo Kimya, nao ulisimama kuyapisha: fundi cherehani anaondoa mguu kwenye pedali, mpishi anabaki na mwiko hewani, waliokuwa wakigombana wanabaki midomo wazi. Posa zote za mji zilijibiwa ndani ya Kimya. Wasomi waliandika vitabu, huyu akisema Kimya ni roho kabla haijavishwa mwili, yule akisema hapana, ni mwili baada ya roho kuaga, wakanuniana mpaka wakaacha kualikana karamu. Kinamama walivaa kanga iliyoandikwa KIMYA CHANGU NDICHO JIBU. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza swali dogo, la kitoto, kwamba mtu akiuliza "uko wapi," kwa kawaida nini hufuata.

Na jambo jingine walilokuwa hawaulizi ni kwamba mji wao haukuwa na Jumatano. Walilala Jumanne wakaamka Alhamisi. Kalenda zilichapwa hivyo, mishahara ilihesabiwa hivyo, na watoto shuleni waliimba siku sita bila kujikwaa. Jumatano ilikuwa imeanguka mahali fulani, nao walipita juu yake bila kutazama chini.

Mwanaidi alijua ilikoanguka. Ndiyo maana hakaliki.

Doti haikutungwa kwa sauti moja. Ilitungwa kwa sauti mbili, yake na ya Riziki Mbelwa, shoga yake tangu wakicheza kombolela. Katika kikundi chao wimbo wa mapenzi haukuimbwa na mtu mmoja, na kiongozi wao, Mwalimu Nassoro mpiga akodiani, Mungu amrehemu, alikuwa mkali juu ya hilo. Alisema mapenzi ni kuuliza, na si adabu kumwacha anayeuliza asimame peke yake mbele za watu. Kwa hiyo mmoja aliita na mwingine akaitika, na wapigaji walimwachia mwitikiaji nafasi yake, mapigo manane kamili, wala hawakuyapunguza hata akiwa na mafua. Miaka miwili walifanya mazoezi hivyo.

Wiki ya kurekodi Riziki alikuwa akimuuguza mama yake, akakosa mazoezi ya mwisho. Wakakutana bombani, kila mmoja na ndoo yake, Riziki akauliza wanarekodi siku gani. Mwanaidi alijua ni Jumatano. Mdomo ukasema Alhamisi. Naapa hakuwa amepanga. Ni kwamba siku ile ya mazoezi ya mwisho Mwalimu Nassoro alikuwa ameweka akodiani chini na kusema, bila hata kumtazama, kwamba Jamvi bila Riziki ni wali bila chumvi. Neno lenyewe dogo, wala halikusemwa kwa ubaya. Lakini wivu haubishi hodi, na ukishaingia haukai sebuleni. Riziki akamshukuru, akajitwisha ndoo, akaenda zake.

Jumatano ikafika. Wakamsubiri Riziki hadi chai ikapoa. Studio ilikuwa ya kukodi, mwenyewe anataka kufunga, ikabidi taa nyekundu iwashwe, na taa nyekundu ikishawaka katika kazi ile hakuna anayegonga mlango, hata nyumba iungue. Wakaanza. Walipofika Jamvi, Mwanaidi akaimba mishororo yake miwili, naye alikuwa ameshajiandaa kuendelea moja kwa moja na ubeti unaofuata. Lakini mikono ya wapigaji haikujua kwamba Riziki hayupo. Mikono ilizoea. Yote kwa pamoja, bila kutazamana, ikamwachia nafasi yake, mapigo manane, kama familia inayoweka sahani ya mtu aliyesafiri. Ni watu waliozoea kujibiwa tu wanaoweza kukosea namna ile. Utepe ukaisha, muda ukaisha, kosa likabaki humo. Na kosa hilo ndilo mji uliloliabudu. Sauti ya Mwanaidi waliisifu, ndiyo, lakini kilichowasimamisha kila siku juani, walichokivulia kofia, kilikuwa ni mahali ambapo mwenzake hayupo.

Hebu fikiri unaishi hivyo. Fikiri kila mchana mji mzima unanyamaza kuheshimu uongo wako, nawe unanyamaza nao, maana ukisema kitu utaharibu ibada ya watu. Alipokuwa akitembea maneno yalimtoka vipande vipande, wapita njia wakidhani anafanya mazoezi. Mimi ni ile sauti au ni haya magoti? Ile sauti ina miaka ishirini na minne, haizeeki, haikohoi, haimdanganyi mtu kwa sababu haiwezi kusema lolote isipokuwa ilichosema. Mimi ndiye ninayeweza kusema, na sisemi. Basi nani kati yetu ni mtu? Twende. Huu mtaa nimeupita. Twende huu mwingine.

Jumanne moja Baraza likamwita.

Langoni bawabu alimuuliza yeye ni Mwanaidi wa ngapi, kwa kuwa mjini walikuwamo akina Mwanaidi mia tatu na ushei, kila binti aliyezaliwa baada ya Doti akibebeshwa jina hilo. Akamwambia ni Mwanaidi mwenyewe. Bawabu, mtu mpole, akamwomba aimbe kidogo. Akaimba. Bawabu akasikiliza kipaza sauti cha nguzoni, akamsikiliza yeye, akasikiliza tena kipaza sauti, kisha akasema kwa huruma kwamba anajitahidi, ila pumzi si yenyewe. Akamwandika Mwanaidi wa mia mbili na kumi na mbili, akamfungulia.

Ndani walikuwa wawili tu. Mwenyekiti wa Baraza, mtu wa kofia ya kiua na tabasamu lisilofika machoni, alimkaribisha kwenye kiti naye akabaki amesimama. Mwingine alikuwa Fundi Semkiwa, mwenye kazi ya kuitunza Doti isikwaruzike, mzee mwembamba aliyekuwa na visikilizi vya masikioni vikining'inia shingoni siku zote, hata msibani. Mwenyekiti alieleza kwa maneno mengi jambo ambalo ni hili: Doti inatimiza miaka arobaini, itachapwa upya, na katika kuisafisha Fundi ameona uchafu ndani ya Kimya. Kuna kijisauti. Chembamba, cha mbali, mfano wa mbu aliyefungiwa chupani. Baraza limeamua kukata Kimya chote na kuunga wimbo, uwe kitu kimoja tu kisicho na nafasi.

Mwanaidi akasema watu wanakipenda Kimya. Mwenyekiti akasema ndiyo, wanakipenda mno, na hapo tabasamu likaondoka kabisa. Akasema ndani ya mapigo manane hakuna anayewaambia watu la kufanya. Zamani walisimama tu. Siku hizi wameanza kuwaza. Mwezi uliopita mwanamke mmoja sokoni aliuliza kwa sauti, katikati ya Kimya, kwa nini wao hawana Jumatano, na waliokuwa karibu naye walikosa la kumjibu, wakaanza kuulizana. Mji unaoulizana, alisema Mwenyekiti, hauwezi kufuata wimbo.

Nyayo za Mwanaidi zilikuwa zinawaka moto. Kukatwa kwa Kimya, tuseme kweli, kungemfaa. Kosa lingetoweka, ushahidi ungetoweka, naye angekufa akiwa Mwanaidi wa Doti, hana doa. Lakini mahali pale palikuwa pa Riziki. Alimnyima siku, akamnyima sauti, akamnyima jina. Mapigo manane ndicho kitu pekee duniani kilichobaki kuonyesha kwamba Riziki aliwahi kungojewa. Wakiyakata, hatakuwa amekosekana. Atakuwa hajawahi kuwepo.

Akauliza kama kuna la kufanya. Mwenyekiti hakutaka kujibu, lakini Fundi Semkiwa aliinua kidole kuonyesha maandishi juu ya mlango, kanuni ya kwanza ya Baraza, ya tangu kale, ambayo hakuna aliyeisoma kwa muda mrefu: SAUTI YENYE MWENYEWE HAIFUTWI. Fundi akasema, akitazama viatu vyake, kwamba kama yupo anayejua Kimya kiliachwa kwa ajili ya maneno gani, na ya nani, aje ayaseme.

Mwanaidi akafungua mdomo. Hakukuwa na kitu. Miaka arobaini aliutunza uongo kila neno, alikumbuka ndoo za bombani zilikuwa za rangi gani, lakini jibu la Riziki, ule mshororo mmoja aliousikia kila siku kwa miaka miwili, ulikuwa umemtoka.

"Mnakata lini?" akauliza.

"Kesho," alisema Mwenyekiti. "Alhamisi, wimbo wa tano."

Mtaa ambao hakuwahi kuupita hakuhitaji kuulizia. Alitoka ukumbini wimbo wa tatu ukianza, akaenda kwa miguu ile ile iliyomzungusha kote, na mara hii haikumkimbiza, ilijikokota. Kila alivyosogea mtaa nao ulirudi nyuma kwa umri. Rangi ya kuta iliyobabuka ikaanza kung'aa. Bomba lililokauka lilikuwa linatiririka, na pale bombani walisimama wasichana wawili na ndoo zao, mmoja anauliza kitu, mwenziwe anatazama pembeni. Mwanaidi alitaka kumshika bega yule anayetazama pembeni. Alipofika karibu bomba lilikuwa kavu, kuna kuku tu. Njia ya mwongo fupi, wanasema wahenga, lakini hawakuwahi kumwona huyu, aliyeizungusha njia hiyo ikamchukua miaka arobaini. Na siku za mwizi nazo ni arobaini, kwa hiyo hesabu ilikuwa imetimia.

Mlango wa Riziki ulikuwa wazi, umezibwa kwa pazia tu. Jua lilikuwa utosini. Nguzo ya jirani ikaanza Jamvi. Mwanaidi akasimama nje ya pazia, mkono umeinuka kubisha, na sauti yake mwenyewe ya miaka ishirini na minne ikapita juu ya kichwa chake ikiuliza, uko wapi wa moyoni. Mji ukanyamaza. Kuku nao walinyamaza, walishafundishwa. Na kutoka nyuma ya pazia, bila haraka, sauti ya mwanamke mzima ikaitika:

Niko hapa sijatoka, ni wewe huko njiani.

Mapigo manane, kamili, hakuzidisha wala hakupunguza. Wimbo ukaendelea, mji ukaendelea. Mwanaidi alishika kizingiti.

"Pita," Riziki alisema toka ndani. "Umesimama vya kutosha."

Alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, anasuka ukili, na ukili uliozungushwa kando yake ulikuwa mwingi kuliko ambao jamvi lolote lingehitaji. Ukutani palikuwa na kalenda moja, ya zamani, yenye siku saba, na imewekewa alama Jumatano. Hakuuliza habari za afya. Alisema kahawa iko jikoni, mwenyewe amimine, yeye mikono imeshikwa. Mwanaidi akamimina, akabaki amesimama na kikombe, akaanza kueleza habari ya Baraza, ya mbu wa chupani, ya kesho, akizunguka chumba kizima, akirudia, akiruka. Riziki alimsikiliza huku anasuka. Mpaka Mwanaidi alipofika kwenye jambo lenyewe akakwama.

"Nilikwambia Alhamisi," alisema Mwanaidi. "Nilijua ni Jumatano."

"Najua. Nilikuja Jumatano."

Akamweleza, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari ya mvua. Mke wa mpiga dumbaki alikutana naye sokoni siku ile, akamshangaa mbona ananunua nyanya wakati wenzake wako studio. Akaacha kapu pale pale, akakimbia. Alipofika taa nyekundu ilikuwa inawaka. Angegonga, wangemfungulia, na utepe ungeharibika, na hawakuwa na utepe mwingine. Walifundishwa hivyo, na yeye alikuwa na adabu. Akasimama nje, mdomo umeugusa ukuta. Akasikia wimbo wa kwanza mpaka wa nne. Wa tano ulipofika akasikia anaitwa, akasikia Mwalimu na wenzake wamemwachia nafasi yake.

"Nikaitika," alisema Riziki. "Mtu akiitwa anaitika. Ukuta ulikuwa mnene, hilo si kosa langu."

Mwanaidi aliweka kikombe sakafuni. Mbu wa chupani. Uchafu ndani ya Kimya. Miaka arobaini mji ulisimama kusikiliza mahali patupu, na hapakuwa patupu. Akauliza kwa nini hakusema, kwa nini hakuja kumpiga makofi hata mara moja mbele za watu, angalau apoe.

Riziki akacheka kidogo. Akasema mwaka wa kwanza alitaka, mwaka wa pili alitaka zaidi. Kisha akagundua kwamba kila mchana mji mzima unaacha kazi, unafunga mdomo, unampisha aseme neno lake. Sultani gani aliyewahi kufanyiwa hivyo? Akasema yeye kwa mji hana kinyongo. Halafu akaacha kusuka, kwa mara ya kwanza, akamtazama.

"Nilichokuwa nataka ni wewe upite mtaa huu. Kila mchana nakwambia nipo. Miguu yako naisikia mtaa wa pili, inakuja, inakata kona. Miaka yote, Mwana. Imeniuma hiyo, hayo mengine nimeyameza."

Mwanaidi alilia, na hakulia kwa ustadi wa jukwaani. Alilia kamasi zikimtoka. Alipoweza kusema akamwomba waende pamoja kesho, aitike ukumbini, Baraza lisikie, sauti ipate mwenyewe.

"Siku gani?" aliuliza Riziki.

Lile swali, na uso ule ule wa bombani. Mwanaidi akafungua mdomo aseme Alhamisi, kwa kuwa ndivyo Mwenyekiti alivyosema na ndivyo mji ulivyohesabu, akaona anarudia maneno yale yale kwa mtu yule yule. Akaufumba mdomo. Riziki akaurudia ukili wake.

"Haya, nitakuja," alisema. "Ila hilo utanijibu kabla sijarudi nyumbani."

Asubuhi yake ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Baraza lilikuwa limewaita watu wakisikie Kimya mara ya mwisho. Utepe ulikuwa mezani, wembe kando yake. Mwanaidi aliingia na Riziki wameshikana mikono, akaomba ruhusa ya kusema, akasema yote: bomba, ndoo, wali bila chumvi, siku. Hakujitetea. Wapo waliozomea. Mwanamke mmoja alivua kanga yake ya Kimya akaikunja, akaikalia. Mwenyekiti alingoja mpaka wakatulia, kisha akamwonya taratibu kwamba akishikilia maneno hayo jina lake litaondolewa kwenye santuri na kwenye kuta, na mabinti mia tatu itabidi watafutiwe majina mengine.

"Liondoeni," alisema Mwanaidi. "Hii ni doti. Nimetembea na kipande kimoja miaka arobaini, nusu uchi, na nyinyi mnanipigia makofi."

Mwenyekiti akasema sawa, lakini maneno si ushahidi. Mwongo wa jana anaweza kuwa mwongo wa leo. Utepe una mbu. Nani atathibitisha mbu huyu ni mama huyu? Fundi Semkiwa akasema yeye. Akasema sauti ile ilipita ukutani, basi na hii ipite ukutani, aisikilize kwa nje, azilinganishe. Mwenyekiti akamwashiria Riziki atoke nje asimame nyuma ya ukuta kama siku ile.

"Yeye hatoki tena," Mwanaidi akasema. "Nitatoka mimi."

Basi ikawa hivyo. Fundi alibeba mashine yake na visikilizi vyake, akatoka na Mwanaidi, na mlango ukafungwa nyuma yao. Riziki akabaki katikati ya ukumbi, mbele ya mji mzima. Taa nyekundu ikawashwa. Mwanaidi aliweka sikio ukutani, na ukuta ulikuwa wa baridi, wenye chokaa iliyomchafua shavu. Hivi ndivyo Riziki alivyosimama, alijiambia. Ndivyo dunia ilivyosikika toka nje. Nyimbo nne zilipita, na kila mmoja aliusikia kama unaimbwa na watu walioamua kumsahau, na hakuweza kugonga. Wa tano ukafika. Ile sauti changa, isiyozeeka, ikauliza uko wapi, na kwa mara ya kwanza aliionea huruma, binti wa watu, haijui ilichokifanya.

Mapigo manane. Ukuta ukaleta kijisauti chembamba, cha mbali, ambacho asiyekijua angekipungia mkono kukifukuza. Mwanaidi alikijua, maneno yote. Fundi Semkiwa alifumba macho, sikio moja kwenye utepe, sikio moja ukutani. Kisha akavua visikilizi, na wembe uliokuwa mfukoni kama akiba akautupa mtaroni.

"Ndiye," alisema. "Ni huyu huyu."

Akaingia ndani kuwaambia. Mwanaidi hakumfuata. Palikuwa na ngazi moja ya saruji mbele ya mlango, haina mto, haina jina la mtu, naye alikaa juu yake. Akangoja nyayo zimwashe. Ndani zilisikika kelele, watu wanaulizana, wanajibizana, wengine wanalia, sauti ya Mwenyekiti inaomba utulivu na haiupati. Wimbo wa sita ukaanza, ukaisha. Ikafika ile dakika ya kugeuza santuri, na hakuna aliyeigeuza. Yeye bado amekaa.

Taa nyekundu ikazimika. Mlango ukafunguka, Riziki akatoka, amejitanda kanga mpya aliyokuwa ameiweka sandukuni tangu zamani, ina harufu ya karafuu. Akasimama mbele yake, jua likiwa mgongoni.

"Haya, Mwana," alisema. "Tunarekodi siku gani?"

"Jumatano," akasema Mwanaidi.

Riziki akamwambia asogee, akakaa.